BMW i3 yenye jenereta: je, inamfaa mtu anayeishi Kibamba na kwao ni Iringa?

Mwana wa Kihesa (mleta mada):

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa ya waliowahi kumiliki au kutengeneza magari ya umeme, kabla sijatuma fedha Japani.

Ninaishi Kibamba, Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, kwa hiyo kila siku ya kazi ninatembea kama kilomita 55 kwenda na kurudi, sehemu kubwa ikiwa ni foleni ya Barabara ya Morogoro. Mara chache kwa mwaka, kwa sikukuu au kwa msiba, tunapakia watoto pamoja na mama yangu mzazi na kwenda Iringa, ambako ni takriban kilomita 500 kutoka mjini. Gari nililo nalo ni la petroli la cc 1,500, na katika foleni hiyo halizidi kilomita 12 kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, hunilazimu kupiga hesabu upya.

Gari la umeme tupu nililifikiria nikaliweka pembeni, kwa kuwa siwezi kumlaza mama njiani nikitafuta pa kuchaji. Ndipo nikavutiwa na BMW i3 REx, yaani i3 yenye jenereta. Kwa wasiolifahamu, gari hili husukumwa na mota ya umeme peke yake wakati wote, na injini haijaunganishwa na magurudumu hata kidogo. Nyuma, chini ya buti, kuna kijiinjini cha petroli cha cc 647 chenye silinda mbili, ambacho asili yake ni skuta za BMW hao hao, na kazi yake ni moja tu: kuzungusha jenereta betri inapokaribia kuisha. Lilianza kuuzwa mwaka 2013 na limekuwa na betri za aina tatu: uniti (kilowati-saa) 22 mwanzoni, uniti 33 kuanzia 2016, na uniti 42 kuanzia mwishoni mwa 2018. Ulaya toleo lenye jenereta liliachwa ilipokuja betri ya tatu, ila Japani na Marekani likaendelea, hadi utengenezaji wa i3 zote ulipokoma kiwandani Leipzig katikati ya 2022.

Hesabu yangu ya mjini ni hii. Gari linakula kama uniti 17 kwa kilomita 100, ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji. Uniti moja kwa mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292, na ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Kwa hiyo kilomita 100 za umeme ni kama shilingi 6,000, wakati petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita ninatumia shilingi 25,000 kwa umbali huohuo. Kwa mwezi wa kazi wa kilomita 1,200, ni kama 73,000 dhidi ya 300,000.

Mjini sina shaka, shaka yangu ni Iringa. Wakala mmoja ananihakikishia kwamba nikiwa safarini "naongeza mafuta tu kama gari lingine lolote". Je, ni kweli?

Fundi Dainamo:

Mleta mada, hesabu yako ya mjini imenyooka na sina cha kuongeza. Maneno ya wakala nayo ni kweli kama utayasikiliza nusu.

Tangi la petroli la i3 REx ni la lita 9. Jenereta linapofanya kazi, gari hula lita 6 hadi 7 kwa kilomita 100, kwa hiyo tangi zima linakupa kama kilomita 130, na hapo hujaokoa chochote ukilinganisha na gari dogo la petroli linalotembea barabara kuu. Kwenda Iringa utasimama Chalinze, Morogoro, Mikumi na Ruaha Mbuyuni, na hutathubutu kupita kituo kimoja kwa kudhani kwamba cha mbele kitakuwa na mafuta. Lakini hilo ni usumbufu tu, na usumbufu mtu anaweza kuuzoea.

Kinachopaswa kukuamulia ni nguvu ya jenereta lenyewe. Mota ya i3 ina kilowati 125, jenereta lake lina kilowati 25. Betri ni simtanki la juu ya nyumba na jenereta ni bomba jembamba linaloliingizia maji: ukifungua mabomba yote ya nyumba kwa pamoja, simtanki litakuhudumia vizuri mpaka litakapokauka, na baada ya hapo utaoga kwa kiasi kile kinachoingia. Kwenye tambarare kwa mwendo wa 90 hadi 100, gari hili huhitaji kilowati 16 hadi 18 pamoja na kiyoyozi, na jenereta linamudu. Ukifika 120 umeshafikia ukomo wake. Ukipanda mlima wenye mwinuko wa asilimia 6 kwa mwendo wa 80, gari likiwa na abiria na mizigo, uzito ukiwa kama kilo 1,750, unahitaji takriban kilowati 35. Zile 10 zinazopungua lazima zitoke kwenye betri, na kama betri iko chini, gari linajipunguzia nguvu lenyewe na hakuna pedali itakayolibembeleza.

Watu wengi hapo huogopa mlima Kitonga, na mimi nadhani wanaogopa mahali pasipo penyewe. Kitonga utakuwa nyuma ya malori kwa mwendo wa 30 au 40, na kwa mwendo huo mwinuko uleule unadai kilowati 15 hivi, kwa hiyo jenereta litakuwa hata linabakiza kidogo. Hatari iko kwenye miinuko ya Iyovi na kwenye kipande cha juu baada ya Kitonga kuelekea Ilula, pale barabara inapofunguka, unatoka kulipita lori, na katikati ya kulipita gari linakuambia kwamba nguvu imepungua. Barabara ile ni ya njia mbili. Sihitaji kueleza zaidi.

Kuna namna ya kulikabili jambo hilo. Magari ya soko la Ulaya yana menyu inayokuruhusu kuwasha jenereta mapema, mara betri inaposhuka chini ya asilimia 75, ili lishikilie kiwango hicho badala ya kungoja mpaka ibaki asilimia 6 na ushee. Marekani menyu hiyo ilizimwa, na matumizi ya tangi yakapunguzwa pia, kwa sababu kanuni za California ziliyapa nafuu magari ya aina hii kwa sharti kwamba injini isiwake mpaka betri iishe, na umbali wa petroli usizidi ule wa umeme. Kwa hiyo hakikisha kwamba gari unaloletewa linayo menyu hiyo. Ukiwasha jenereta tangu Chalinze na ukafika Ruaha Mbuyuni na betri zaidi ya nusu, utapanda bila wasiwasi, maana kupandisha gari hilo zaidi ya mita 1,000 mpaka Iringa ni uniti tano hivi juu ya matumizi ya kawaida. Inawezekana kabisa. Ila jiulize kama unataka kuendesha gari au kusimamia mtambo kwa saa tisa huku mama anauliza mtafika lini.

Mambo mengine mawili ya gereji. Matairi yake ni ya rimu 19 na membamba, 155 mbele na 175 nyuma, na gari halina tairi la akiba, linakuja na dawa ya kuziba na pampu. Ukipasua ubavu wa tairi Mikumi usiku, utamsikiliza simba. Na sehemu ya abiria imejengwa kwa nyuzi za kaboni, kwa hiyo mnyooshaji bodi uliyemzoea hana cha kunyoosha.

Bi. Nasra wa Unguja:

Nimesoma kwa makini na ninauliza kwa heshima: kwa nini injini ibebwe mwaka mzima kwa ajili ya safari chache? Injini hiyo inadai oili, filta na plagi, na petroli iliyokaa muda mrefu kwenye tangi huchacha. Hata ukiacha kuitumia, gari lenyewe huiwasha kwa muda mfupi kila baada ya kipindi ili isishikane, kwa hiyo huwezi kusema umeisahau.

Huku kwetu swali hili halipo. Urefu wa kisiwa cha Unguja, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, haufiki kilomita 100, na mtu mwenye gari la umeme tupu hana mahali pa kumkwamisha isipokuwa umeme ukikatika siku mbili mfululizo. Wewe ndugu yangu una treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika Morogoro na Dodoma, na kutoka Dodoma hadi Iringa ni lami. Nunua umeme tupu kwa ajili ya kazi, na Iringa nendeni kwa treni na basi.

Mwana wa Kihesa:

Dada Nasra, nashukuru, na kwa safari ya sikukuu ningekubaliana nawe. Msiba ndio unaonizuia. Taarifa inaingia saa nne usiku, mnatakiwa kuondoka alfajiri, kuna sufuria, kuna magodoro, kuna shangazi wa kupitia Kihonda, na ukifika Iringa mjini bado kijiji kiko kilomita kadhaa za vumbi mbele. Treni haibebi hayo yote.

Fundi, umenitikisa kwa hilo la kulipita lori. Nikiongeza bajeti nichukue ya uniti 33, tatizo linaondoka au linasogea tu?

Fundi Dainamo:

Linasogea, mkuu, ingawa linasogea mbali kiasi cha haja. Jenereta ni lilelile la kilowati 25, lakini simtanki limekuwa kubwa, na mjini utatembea siku mbili bila kuchaji. Kama ni lazima iwe i3, iwe hiyo. Ya uniti 22 ya mwaka 2014 inaonekana rahisi kwenye tovuti, lakini imevuka miaka 10, na TRA, mamlaka ya mapato, huongeza ushuru wa asilimia 30 kwa gari la umri huo, wakati la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke miaka miwili tofauti uone namna urahisi unavyoyeyuka.

Joto la Dar lisikupe hofu kubwa kwa gari hili. Betri yake hupozwa kwa gesi ya mfumo wa kiyoyozi, tofauti na Nissan Leaf za mwanzo ambazo hazina upoozaji wa maana na ambazo huzeeka haraka kwenye nchi za joto. Maana yake pia ni kwamba kiyoyozi cha i3 kikiharibika si suala la jasho tu, ni afya ya betri, usiseme "nitatengeneza mwisho wa mwezi".

Mkaazi wa Lang'ata:

Ndugu zangu wa Tanzania, hamjambo. Niko Nairobi, na kwetu nusu ya mjadala huu imekwisha kuamuliwa na serikali, kwa kuwa gari lililozidi miaka minane haliingii nchini, hivyo i3 za mwanzo zilizobaki ni zile zilizokwisha kuingia. Upande wa umeme tumesaidiwa kidogo: mwaka 2023 EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 usiku wa manane, kabla ya kodi na tozo.

Mimi ninaendesha Mitsubishi Outlander PHEV (mseto wa petroli na umeme wa kuchomeka) kutoka Japani, na ningependa mleta mada alitazame kabla ya kuamua, kwa sababu liko katikati ya hayo mnayoyazungumzia. Mwendo mdogo linajiendesha kama gari la umeme lenye jenereta. Ukiingia barabara kuu, injini yake ya cc 2,000 inaweza kushikana moja kwa moja na magurudumu ya mbele, na jenereta lake lina nguvu zaidi ya maradufu ya lile la i3. Nimelipandisha mlima kutoka Mai Mahiu nikiwa na familia nzima, na sikuhisi limechoka. Tangi lake ni la lita 45, kwa hiyo huhesabu vituo vya mafuta kama tasbihi.

Ubaya wake ni betri ndogo. Matoleo ya mwanzo yana uniti 12, na gari la mtumba litakupa kilomita 35, pengine 40 kwa upole, kabla injini haijawaka. Kwa safari yako ya kilomita 55 utachoma petroli kila jioni ukirudi, isipokuwa kama kazini Posta watakuruhusu kuchomeka plagi. Waombe kwa maandishi kabla hujanunua. Bosi anayekubali kwa mdomo husahau bili ya kwanza ikifika.

Lulu Kipawa:

Samahani wakuu, mbona hamzungumzii Nissan Note e-Power? Zimejaa mjini, nazo zinaendeshwa na mota huku injini ikizalisha umeme. Jirani yangu anasema ana gari la umeme.

Fundi Dainamo:

Lulu, jirani yako ana gari zuri, ila si la umeme kwa maana ya uzi huu. Note e-Power iliyotoka mwaka 2016 ina injini ya cc 1,200 inayozungusha jenereta, na ni kweli kwamba magurudumu husukumwa na mota peke yake. Lakini betri yake ni ya uniti moja na nusu tu, na haina mahali pa kuchomeka. Kila kilomita inayotembea imetoka kwenye petroli. Kwa mtu ambaye hana soketi yake nyumbani, aliyepanga na kuchangia mita ya LUKU na wapangaji wengine, hilo ndilo gari ningemshauri, na ningemkataza i3 kabisa, kwa kuwa i3 isiyochajiwa ni skuta iliyobebeshwa mwili wa gari.

Ndiyo maana namuuliza mleta mada jambo ambalo lilipaswa kuja kwanza: umeme wa nyumbani kwako ukoje?

Mwana wa Kihesa:

Nyumba ni yangu, mita ni yangu, ni fezi moja. Gari linalala ndani ya geti, kama mita nane kutoka kwenye mita. Athi (waya wa ardhini) kusema kweli sijawahi kuipima.

Fundi Dainamo:

Basi ipime kabla ya kutuma hata shilingi. Vifaa vingi vya kuchajia hukagua athi kwanza na kugoma kama haipo, kisha mtu analaumu gari. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, na swichi yake ya usalama, usitumie soketi ya friji. Kwa ampea 10 utapata kilowati 2.3, yaani betri ya uniti 33 itajaa kwa usiku mrefu, lakini wewe kila siku unarudisha uniti 9 au 10 tu, ambazo ni saa nne. Usiogope kupoteza uniti za bei nafuu: ukipita uniti 75 kwa mwezi unatoka kundi la D1, la watumiaji wadogo, lakini mwenye friji, pasi na pampu ya kisima alikwishatoka zamani.

Mkaazi wa Lang'ata:

Naongezea la kebo, kwa kuwa nimeona ikiungua. Gari la Japani huja na kebo iliyoandikwa volti 100 au 200, na umeme wetu sote ni 230 hadi 240. Geuza kile kiboksi cha kwenye kebo, usome kibandiko cha nyuma. Kama hakitaji 230 au zaidi, kiweke stoo na ununue kingine. Pia tundu la gari la Japani ni Taipu 1, na la kuchaji haraka ni CHAdeMO, hivyo usidhani utachomeka popote unapoona mashine.

Mwana wa Kihesa:

Nimeshukuru sana. Nimezungumza na nyumbani, na ya uniti 22 nimeiondoa kabisa. Kilichobaki ni kuchagua kati ya i3 ya uniti 33 na kulibakiza gari la sasa kwa ajili ya Iringa, au kusubiri. Kuna mtu amenitajia Mazda MX-30 R-EV.

Fundi Dainamo:

Kwenye karatasi, hiyo Mazda ndiyo inayojibu swali lako. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2023, betri ni uniti 17.8, zinazotosha kwenda Posta na kurudi, tangi ni lita 50, na injini yake kwa toleo la Japani ina kilowati 53. Hizo 53 dhidi ya 25 ndizo tofauti kati ya kulipita lori na kuliombea dua. Wasiwasi wangu ni kwamba injini hiyo ni ya rota, si ya pistoni, cc 830, na sijamwona fundi wa mjini ambaye ningempa aifungue. Bei yake nayo bado ni ya gari jipya. Wachina wanakuja vilevile: Leapmotor C10 yenye jenereta ina betri ya uniti 28.4 na tangi la lita 50, na kwa kuwa inauzwa Uingereza na Australia, usukani wa kulia upo. Sharti mauzo ya spea yaanze hapa ndipo nikushauri.

Kwa leo, chukua i3 ya uniti 33 na ulibakize gari la petroli, ukikubali bima ya magari mawili. Na ukishakubali magari mawili, dada Nasra ameshinda: chukua i3 isiyo na jenereta. Ni nyepesi zaidi kwa zaidi ya kilo 100, haina oili wala bomba la moshi, na msiba ukitokea saa nne usiku unawasha lile la zamani.

Mwana wa Kihesa:

Mke wangu amesema maneno hayohayo kabla sijamsomea yako. Nimeona moja ya 2017 isiyo na jenereta. Nimuulize nini muuzaji kuhusu betri?

Fundi Dainamo:

Mwombe picha ya skrini nyuma ya usukani, kwenye menyu ya siri ya mafundi, mstari ulioandikwa "Batt. Kapa. max". Namba hiyo ni uniti ambazo betri bado inaweza kubeba. Kwa gari hilo likiwa jipya ilikuwa kama 27 na zaidi. Ikisoma 25, endelea kuzungumza bei. Ikisoma 22, mwambie ashushe sana au aachane nawe. Picha ioneshe na kilomita za gari kwenye skrini hiyohiyo, asije akakutumia ya gari jingine.